Mla Jana

Nyuma ya gereji, Changamwe, pale Kwa Hola,
kuna kiwanja cha hatua ishirini kwa kumi na mbili
ambacho kwa miaka thelathini na mmoja
kilikunywa kila alichomwaga Baba:
oili chafu ya malori ya Malaba,
dizeli ya kuoshea boliti,
petroli iliyomponyoka mdomoni
akiivuta kwa mpira, akatema, akacheka.

Kuku waliopita hapo walirudi na soksi nyeusi.
Mvua ikinyesha, vidimbwi vilijitanda rangi saba
nasi watoto tukashangilia,
hatukujua ni ugonjwa umevaa vizuri.

Mwezi wa tatu baada ya fundi Mwijaka kuzikwa
mnunuzi alikuja na viatu vyeupe,
akanusa, akafuta soli kwa gazeti,
akasema, "Udongo huu umekufa."

Dzame Kalu hakusema hivyo.
Alikuja na ndoo mbili za samadi,
gunia la maranda, kilo tatu za yuria
na jembe la kuazima.
Nikamuuliza, dawa i wapi?
Nilidhani ataitoa chupani,
mdudu wa ng'ambo, mwenye pasipoti.
"Umeikanyaga," akasema.
"Wamo humu tangu tone la kwanza la babako.
Kijiko kimoja cha udongo huu
kina walaji wengi kuliko watu wa Mombasa.
Ugali wanao.
Wamekosa kitoweo, maji na pumzi."

Basi.
Kila jioni ndoo nne, si tano: wakizama, hawali.
Kila Jumamosi kupindua, chini kuwa juu,
mgongo ukilia,
na Mama Riziki wa makaa akichungulia ukutani
kuuliza kama twatafuta maiti au mali.

Wiki ya nne nikamwambia Dzame
samadi yake imetuongezea harufu ya pili tu.
Akatia mkono ardhini hadi kiwiko.
"Gusa."
Palikuwa na joto.
Si la jua; jua lilishatua upande wa Mikindani.
Joto la mwili. Joto la wengi wanaokula gizani
bila bismillahi, bila sahani,
bila hata mmoja kusikika akitafuna.

Wahenga walisema mla ni mla leo,
mla jana kala nini?
Hawa waila jana yenyewe.
Walianza na dizeli, iliyo laini,
wakaingia kwenye oili,
na lile zito, la lami, wakalizunguka
kama kibogoyo mbele ya muwa.
"Hilo hawaliwezi lote," Dzame alikiri.
"Sikudanganyi."

Wiki ya kumi na nne alipanda kunde kumi.
Zikaota saba.
Akaandika saba daftarini, akaipigia mstari mara mbili.
Mimi niliinama, nikanusa,
na sikumkuta.

Maana hiyo ndiyo ilikuwa harufu yake:
kwenye kanzu ya Idi hata baada ya udi,
kwenye mkate alioumega,
kwenye paji langu la uso
aliponipima homa kwa mgongo wa mkono.
Walikuwa wakimla yeye,
taratibu, kwa haki,
kwa pumzi niliyowapa mwenyewe
kwa jembe.

Mnunuzi amerudi na viatu vile vile,
amekanyaga katikati, ametia saini.

Sikumwambia Dzame
kuhusu kopo la maziwa ya unga
lililo juu ya kabati langu:
udongo wa siku ya kwanza,
nimeushindilia mpaka ukingoni, nikafunga kifuniko,
nikazungushia nta ya mshumaa.
Pasipo hewa, alinifunza mwenyewe,
walaji husinzia.

Usiku mwingine nalishika kwa viganja viwili
kusikiliza kama lina joto.
Li baridi.
Bado.